Ndama Uliyeahidiwa na Aslak

Ihanda, jioni

Kemilembe mwanangu,

Begi lako limekwisha kufungwa na limesimamishwa kando ya mlango, na mama yako amekwisha kukuambia yote ambayo mtu mwenye akili timamu humwambia mtoto anayesafiri: soksi za sufu, mafuta ya midomo, pasipoti isitoke kwenye mfuko wa ndani, ulimi usiguse chuma kukiwa na baridi kali. Sitayarudia. Yeye ameishi huko Norwe mwaka mzima na anayajua. Mimi nimeyasoma, na katika nyumba hii siku hizi kusoma kumeshuka bei.

Nimeketi kwenye kibaraza cha nyuma, mahali ninapoiona migomba yetu na, ng'ambo ya bonde, ng'ombe wa babu yako wakirudishwa. Nyinyi wawili mko jikoni kwa bibi yako mkikaanga senene wa kubeba. Nawasikia mkicheka. Nimejiwekea sharti la kumaliza kuandika kabla giza halijaingia, kwa sababu kuna swali uliloniuliza Jumapili iliyopita nami sikulijibu. Uliniuliza tukitoka kanisani, katikati ya watu, kwa sauti yako hiyo isiyojua faragha: "Baba, baba mkubwa Aslak akinipa ndama, nikubali?"

Nikasema tutazungumza. Hatukuzungumza. Wewe hukuuliza tena, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa kuwa kwa kawaida huuliza jambo moja hadi mtu asalimu amri.

Nianze na jina hilo, maana limenikaa kooni tangu siku ya kwanza nililisikia. Baba mkubwa ni kaka wa baba. Mimi ni kifungua mimba wa babu yako. Nimeishi maisha yangu yote bila kaka, na hali hiyo ilinifaa. Kisha siku moja mama yako akapiga simu ya picha kutoka huko, nawe ukamwona nyuma yake mtu mwenye mashavu mekundu na kofia yenye masikio, Aslak, mfugaji aliyemkaribisha kijijini kwake. Ukamwamkia kama ulivyolelewa: "Shikamoo." Mama yako alikuwa amekwisha kumfundisha. "Marahaba," akajibu, akivuta kila silabi kama mtu anayemtoa ng'ombe matopeni. Ulicheka hadi ukakaa chini. "Nimwite nani?" ukauliza. Mama yako akasema, "Ni mkubwa kwa baba yako. Mwite baba mkubwa." Hivyo ndivyo nilivyopata kaka, nikiwa nimesimama nyuma yako na bakuli la maharage mkononi, bila mtu yeyote kuniomba maoni.

Nataka ujue, kwa ajili ya haki tu, kwamba mimi ndiye niliyekigundua kijiji hicho. Nilikuwa Nkwenda siku ya soko, nimekaa juu ya magunia nikimsubiri mnunuzi wa maharage aliyesema anakuja. Nikiwa pale nikaliona kwenye simu tangazo la chuo kimoja cha Norwe: walitaka daktari wa mifugo kutoka nchi ya wafugaji, aende kusoma magonjwa ya kulungu wa kaskazini, wale wanyama wakubwa wenye manyoya mazito na pembe zenye matawi, akae kijijini pamoja na wenye mifugo. Niliporudi nyumbani nikamwonyesha mama yako kama mzaha. "Hebu tazama, mama Kemi. Kuna watu wanatafuta daktari wa kutibu swala kwenye friji." Akacheka. Akachukua simu, akalisoma tangazo mara ya pili, akaacha kucheka.

Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma vitabu vya watu wale. Niliandika tasnifu yangu ya shahada juu ya wafugaji na mipaka ya nchi, na sura nzima ilikuwa yao, Wasami, ambao mifugo yao ilivuka mipaka kabla ya mipaka kuchorwa. Nilijua njia zao za kuhama na sheria zinazowabana. Nilijua kwamba katika shule zao za zamani watoto walikatazwa lugha ya nyumbani, kama nilivyochapwa mimi kwa kusema Kinyambo darasani. Mama yako alijua kuchoma sindano. Akachaguliwa yeye. Nilimpongeza mbele ya ukoo wote, nikatoa hotuba iliyosifiwa hadi Kayanga, na hakuna aliyetambua kwamba ilikuwa hotuba ya mtu anayejisomea hukumu.

Sasa amerudi kukuchukua mkae wote kwa muda uliobaki wa masomo yake. Ningeweza kufuatana nanyi. Palikuwa na nafasi ya mume, na jina la nafasi hiyo lilikuwa "mwenza anayefuatana". Nilikataa kuwa mwenza anayefuatana. Nilitoa hoja: kahawa inakaribia kuvunwa, magoti ya babu yako hayamruhusu tena kushuka bondeni, wanafunzi wangu wana mtihani. Mama yako alisikiliza hoja zote, hakupinga hata moja, akasema, "Basi sawa, baba Kemi." Hilo ni jambo la kwanza ninalokuachia kutokana na yaliyonipata: mtu anaweza kushinda mjadala akabaki peke yake mezani. Kama unafanana nami, na unafanana nami zaidi ya anavyokiri mama yako, utashinda mijadala mingi. Kila ushindapo, angalia ni nani bado ameketi.

Kwa kuwa ninakijua kijiji hicho kwa njia yangu, acha nikupe ninachokijua kabla Aslak hajakueleza kwa njia yake. Usitarajie picha za kadi za Krismasi. Watu ni wachache, nyumba zimeachana, na vijana wengi wameshuka mjini kama walivyoshuka wetu kwenda Mwanza. Wakati wa baridi kulungu huwa bara, wakichimba theluji kwa kwato kutafuta mimea midogo mikavu inayotambaa juu ya ardhi. Majira ya kuchipua yakifika huelekea pwani, wanazaa njiani, na watu huwafuata, kwa kuwa huko mnyama ndiye anayeamua safari. Pikipiki ya theluji ya Aslak inakunywa petroli kuliko bodaboda zote za Ihanda. Vuli huchinja, na mnunuzi wa nyama huja na mizani yake na bei yake, na hapo utajisikia nyumbani kabisa, kwa sababu umewaona wanunuzi wa kahawa wakifanya hivyo hivyo kwenye ua wetu.

Adui yao mkubwa ni mvua. Mbwamwitu ni wa pili. Utashangaa, wewe uliyezaliwa mahali ambapo tunaomba mvua kanisani. Mvua ikinyesha juu ya theluji kisha ikaganda, chakula chote cha mifugo hufungiwa chini ya barafu kama kabati lililopotezewa ufunguo, na wafugaji hulazimika kununua chakula cha mifuko. Mwaka wa namna hiyo, mshahara wa Inga, mke wa Aslak, anayepika shuleni, ndio unaolisha mifugo ya mumewe. Aslak hulisema jambo hilo waziwazi, mezani, mbele ya wageni, na kula kwake hakubadiliki. Mimi nina shahada, na mshahara wa mama yako ndio ulioezeka upya nyumba hii. Bado sijaweza kulisema hilo huku nikitafuna.

Unaona jinsi yule mtu anavyonipata hata pasipokuwa na sababu.

Nakumbuka, na wewe unakumbuka vizuri zaidi, siku nilipoamua kuzungumza naye mwenyewe. Nilivaa shati la kazini. Nilimwambia mama yako ampe simu, nikamwuliza Aslak, kwa Kiingereza changu kilichonyooka, kuhusu malisho, kuhusu serikali inayompangia ukubwa wa kundi lake, kuhusu mitambo ya upepo inayojengwa kwenye njia za kulungu. Alijibu kwa Kiingereza cha kuokoteza, polepole, na majibu yake yalikuwa mazuri, jambo lililonichokoza. Ndipo nikamwuliza ana kulungu wangapi.

Wewe ulikuwa umekaa sakafuni ukimenya ndizi. Uliacha kisu hewani.

Nilijua. Mtu aliyekulia Karagwe, aliyelala kwa miaka akisikia ng'ombe wakicheua nyuma ya ukuta, hawezi kudai kwamba hakujua. Kwetu mtu haulizwi ng'ombe wake ni wangapi. Anaulizwa kama wamelala vizuri. Babu yako alimwacha ofisa wa sensa ya mifugo akinywa chai asubuhi nzima, akamsimulia habari ya kila ng'ombe kwa rangi yake na ukoo wake, na yule ofisa akaondoka bila namba. Hata hivyo niliuliza, na niliuliza kwa makusudi, kwa sababu nilitaka awe ofisini kwangu na mimi niwe nyuma ya meza.

Aslak hakukasirika. Aligeuka akatazama dirishani kwa muda, kama mtu anayehesabu kweli. Kisha akasema, "Leo siwaoni. Kuna ukungu."

Mama yako alifunika mdomo. Na wewe, mwanangu wa kunizaa, ukaangua kicheko, ukasema kwa sauti ya kufika Norwe bila simu: "Baba naye! Hata babu hasemi wake ni wangapi." Nikasema mtandao ni mbaya, nikaenda kutazama kahawa.

Simu iliyofuata ndiyo iliyoleta ahadi. Alikueleza, na mama yako akitafsiri, kwamba majira ya joto, wakati jua halizami, huwaingiza kulungu zizini kuwatia ndama alama kwa kukata masikio yao kwa kisu. Kila mtu wa ukoo ana mikato yake, hata watoto. Alisema ndama akiwa bado hana alama, watu husimama wakatazama anamfuata mama yupi, na hapo ndipo hujulikana ni wa nani. Kisha akasema majira hayo atakutengea ndama jike na atakutafutia alama yako mwenyewe, karibu na ya ukoo wake lakini isiyofanana na ya mtu yeyote. Uliitikia kwa kichwa mara nyingi mno. Mimi, niliyekuwa nimeshiba ukungu wa wiki iliyotangulia, niliona kisasi. Leo naamini alikuwa anampa mtoto zawadi tu. Ni vigumu zaidi kumchukia mtu wa namna hiyo.

Lakini nataka uelewe kwa nini swali lako lilinifunga mdomo, kwa maana si wivu wa mtu asiye na sababu. Hapa kwetu ng'ombe wa kwanza wa mtoto hutoka kwa baba yake. Anayekupa mnyama wa kwanza amekuweka kwenye zizi lake; hata ukihama, ukiolewa, ukibadilisha dhehebu, watu watasema fulani ndiye aliyemfungulia zizi. Na mimi sikuwa nimekufungulia. Nilikuwa na msimamo, na msimamo huo bado nautetea mbele ya yeyote: mtoto wa karne hii hupewa kitabu. Nilikupa vitabu. Ulivisoma vyote, ukavirudisha kabatini kwa mpangilio wa urefu, ukaniuliza kama babu anaweza kukufundisha kukamua. Sikuona ulichokuwa ukiniomba. Aslak alikiona kupitia kioo cha simu, toka nchi ambako nje huwezi kuvua glavu.

Juzi nilimpelekea babu yako shauri hili, nikitumaini atakasirika kwa niaba yangu. Alikuwa amekaa akinoa panga.

"Huyo Mzungu ana ng'ombe?" akauliza.

"Si ng'ombe, baba. Ni kulungu wa kaskazini."

"Wanakamuliwa?"

"Zamani walikamuliwa. Siku hizi ni nyama tu."

"Wana pembe?"

"Wana pembe kubwa. Lakini huanguka kila mwaka, zikaota nyingine."

Akaacha kunoa. "Zinaanguka zenyewe?"

"Zenyewe."

"Basi ni swala," akasema. "Mtu anafuga swala, na wewe na masomo yako yote unamwonea wivu." Alicheka hadi akakohoa. Nilitaka kumweleza tofauti ya kisayansi kati ya kulungu na swala, na tayari nilikuwa nimefungua mdomo, alipouliza, "Bihogo wako umemwona tangu azae?"

Humjui vizuri Bihogo, kwa hiyo nikueleze. Siku nilipohitimu chuo, babu yako alinipa ndama jike wa rangi ya damu iliyokauka. Ng'ombe wa rangi hiyo kwetu huitwa Bihogo. Mimi nilitaka kompyuta. Nilimshukuru, nikamwacha kundini, na tangu hapo babu yako amemtunza kama amana bila kunidai hata shukrani ya pili. Sasa pembe zake zimekuwa ndefu hadi mlango wa zizi ukapanuliwa, na hapo, nikuambie ukweli, nilijisikia nimemshinda Aslak: pembe zetu haziendi likizo. Bihogo amezaa mwezi huu. Ndama ni jike, ana rangi ya mama yake, na ana doa jeupe juu ya jicho la kushoto kama mtu aliyegusa unga.

Leo asubuhi nilikwenda zizini na babu yako kumtazama. Nilisimama nje ya ua kama walivyosimama wale watu wa Aslak. Ndama alizunguka katikati ya miguu ya ng'ombe wengi, akanusa mmoja, akamwacha, akanusa mwingine, kisha akaenda moja kwa moja kwa Bihogo bila kutazama nyuma. Nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sitakuficha nilichokuwa nikiwaza, kwa kuwa kesho utapanda gari ukimfuata mama yako, na itakuwa sahihi, na mimi nitakuwa upande wa nje wa ua.

"Nataka kumpa Kemi," nikasema.

"Mpe au usimpe, ni wako," akajibu babu yako. "Ila usimpe kwa sababu ya yule Mzungu."

"Nampa kwa sababu yake."

Akanitazama. "Haya," akasema. "Mradi umesema mwenyewe."

Kwa hiyo sikuletei zawadi safi, Kemilembe. Nakuletea zawadi iliyochelewa, iliyochokozwa na mtu mwingine. Nimesoma wanafalsafa wanaosema kwamba tendo jema lenye nia chafu si tendo jema, na usiku kadhaa nimekubaliana nao. Lakini ndama hakusoma falsafa. Atakunywa maziwa, atakua, atazaa, na wakati huo wote atakuwa wako.

Kesho, kabla gari halijafika, nitakuamsha twende zizini. Barua hii itakuwa bado imefungwa kwenye begi la mama yako, naye ataahidi kutokupa hadi mfike. Nitakuonyesha ndama bila kukueleza lolote. Nitakuuliza tu unamwonaje, na jina lolote utakalolitamka mbele yake ndilo litakalokuwa lake. Kwa hiyo unaposoma hapa, umekwisha kumpa jina, na mimi nimekwisha kulijua, na ninaliita kila jioni ng'ombe wanaporudi.

Sasa nakujibu. Kubali. Majira ya joto yakifika, simama zizini pamoja na Aslak, shika kisu kama atakavyokuonyesha, na uchague mikato utakayoitambua hata gizani. Ukiogopa damu, mwambie, nadhani atasubiri. Mnyama huyo atakuwa wako wa pili. Sikatai kwamba nimefanya hila ili awe wa pili. Nimeishi na wivu huu miezi mingi, nikaulisha vizuri kuliko nilivyomlisha Bihogo, na sitadai kwamba leo umekufa. Mtakapopiga simu, nikikusikia unamsimulia yeye jambo kabla yangu, nitakwenda tena kutazama kahawa. Nipe muda, kisha unipigie tena.

Giza linaingia, na bibi yako ananiita nije nionje senene kama chumvi imekolea. Jambo moja tu. Huko watakuwepo wageni, walimu, watafiti, watu wenye masomo kama yangu na kalamu mkononi. Siku mmoja wao atakapokuuliza una mifugo mingapi, huko kwenye theluji na huku Karagwe, usimjibu haraka. Geukia dirisha utazame kwa muda. Kisha mwambie leo huwaoni, kuna ukungu.

Baba yako,
mdogo wake Aslak